Shangazi, wajomba nimewadanganya: sababu yangu ya kutaka digrii ya biashara sio ile niliyowaambia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, kwetu Newala ila kwa sasa naishi hapa Mtwara mjini, Magomeni, nimepanga chumba na mwenzangu. Nauza duka la vifaa vya ujenzi, huu mwaka wa tano. Nakuandikia usiku sababu usingizi hauji, na Jumapili natakiwa kwenda kijijini kumalizana na mjomba.

Iko hivi. Form six nilimaliza 2018, kombi HGE, nikapata divisheni two ya pointi 12, jografia C, historia D, uchumi E. Chuo nilichaguliwa lakini mkopo sikupata na nyumbani hela haikuwepo, ikabidi nikae, nikasema mwakani, na hiyo mwakani ndo imefika mpaka leo. Sasa mwaka huu mjomba mkubwa, na unajua kwetu Wamakonde mjomba akisema amesema, kaniita akaniambia kama bado nina nia ya kusoma yeye atalipa ada ya mwaka wa kwanza hela za mnada wa korosho zikitoka, huko mbele tutaona. Nilifurahi mpaka nikalia. Nikamwambia nataka digrii ya biashara.

Basi kikaitwa kikao, wajomba watatu, bibi, mama na mimi, tumekaa mkekani uani kwa bibi. Mjomba akaniuliza swali moja tu, akasema "Mpwa wangu, ualimu naujua, unesi naujua, mtu anasomea anaajiriwa. Biashara hata yule mwenye maduka manne pale stendi darasa la saba hakumaliza. Sasa wewe unataka kusomea biashara kwa sababu gani?"

Shangazi nikajibu kama watu wanavyojibu. Nikasema nataka nijiajiri niajiri na vijana wenzangu, niisaidie jamii, niinue uchumi wa familia na wa mkoa maana sisi tuna gesi, tuna bandari, tuna korosho. Wakapiga makofi, bibi akapiga na kigelegele. Mama peke yake hakupiga makofi, alikuwa ananiangalia tu na mimi macho yake nikayakwepa.

Maana si kweli. Sisemi kwamba naichukia jamii, ila mimi nikiwa peke yangu chumbani hata siku moja sijawahi kuwaza kuajiri vijana. Sababu zangu nazijua na nakuandikia wewe kwa kuwa hunijui sura.

Ya kwanza ni mama. 2017 mwezi wa nne nilikuwa form five, nikarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada na michango, jumla laki tatu. Masika ile ndani hakukuwa na kitu. Mama akaenda kwa mtu wa kangomba, wale wanaotoa hela kabla ya msimu halafu wanalipwa korosho kwa bakuli, akachukua laki tatu, makubaliano bakuli moja elfu moja, kwaio anadaiwa bakuli mia tatu msimu ukifika. Mwezi wa kumi na moja mtu akaja na bakuli lake na gunia zake. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa baadae nikiwa likizo, na jirani aliyekuwa na mzani alipima bakuli moja akakuta kilo moja na robo. Msimu ule bei ilikuwa nzuri haijawahi, kijijini kwetu watu baada ya makato yote walishika kama 3,500 kwa kilo. Nimeshapiga hiyo hesabu kwenye kidaftari changu mara nyingi sana Shangazi, kilo 375 mara 3,500 inakuja 1,312,500. Mama alipewa laki tatu. Ile hela nyingine yote imepotea kwa sababu yangu mimi na kwa sababu mama hajui hesabu. Na chuo chenyewe sikwenda. Nataka kusoma biashara ili asitokee tena mtu wa kuja na bakuli akatuona wajinga.

Ya pili naona aibu hata kuiandika. Pale dukani bosi alileta kijana kutoka Dar ana digrii yake, anaitwa mhasibu. Mimi nalipwa 180,000 yeye 450,000. Mimi ndo nilimfundisha bati geji 28 na geji 30 zinatofautiana vipi, nondo ipi inauzwa kwa kipande na ipi kwa tani, wateja gani wanakopa wanalipa na wepi wanakopa wanahama. Akija mgeni wa maana bosi anasema "huyu mhasibu wangu, na huyu binti wa kaunta". Nataka na mimi nije niitwe hivyo. Yule kijana ni mtu mzuri hana kosa, ila mimi nina wivu nae, basi.

Ya tatu hii sijamwambia hata mwenzangu wa chumbani. Nataka kuwa mwanafunzi. Nataka miaka mitatu nikae hosteli, niamke nikute kazi yangu ni kusoma tu, asiwepo mtu wa kunituma chumvi wala kunipigia simu kwamba mtoto wa fulani anaumwa tuma chochote. Toka nimalize shule sijawahi kukaa na watu wanaobishana kuhusu kitu kilichoandikwa kwenye kitabu. Nimekimiss hicho kitu mpaka nikipita karibu na chuo jioni nikaona wanafunzi wamebeba makaratasi moyo unauma.

Kwaio naomba unijibu kwa ukweli. Mtu mwenye sababu kama hizi, hatia, wivu na kutaka kukimbia nyumbani, anastahili kulipiwa ada na mzee anayepulizia mikorosho na magoti yanamuuma? Na je nimwambie ukweli au niache makofi yabaki kama yalivyo?

Mpwa, Magomeni

* * *

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma jioni nikaiweka, nikaamka alfajiri nikaisoma tena. Nitakujibu kwa urefu maana umeniandikia vitu vitatu kwa mkupuo, na kimoja wapo umekiona vibaya, na hicho ndo kinaniuma.

Nianze na ile hotuba ya mkekani. Mimi sikulaumu, kila mtu anayetaka kusomea biashara anayo ile hotuba, ya kujiajiri na kuajiri na kuinua uchumi, imekuwa kama hodi. Ubaya wake kwangu mimi ni kwamba haikusaidii kuchagua kitu. Hebu ichukue hotuba yako ukaiulize, nisome wapi? Haijibu. Uhasibu au masoko au ushirika? Haijibu. Nianze na diploma au niende digrii moja kwa moja, nisome huku nafanya kazi au niache kazi? Kimya. Lakini zile sababu zako tatu unazozionea aibu kila moja ukiiuliza inajibu, na zinajibu tofauti, na usipozisikiliza sasa hivi utajaza fomu ya kozi ambayo itakupa cheti na isikupe hata kimoja ulichokifuata.

Mimi mwenyewe nilisoma kwa wivu. Nilikuwa nauza ng'onda na samaki wakavu, natoa Mikindani napeleka bara huko Masasi mpaka Tunduru, na rafiki yangu tuliyekua pamoja akaenda chuo akarudi, na kila mtu nyumbani kwangu akawa anataja jina lake. Nikajiandikisha masomo ya jioni. Ule wivu ulinibeba mwaka mzima, nilikuwa naamka saa tisa usiku nasoma. Mwaka wa pili nikapata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya takwimu, na usiku wa kuamkia ile sapu nakwambia ukweli wivu haukuwepo, ulikuwa umeshaisha, rafiki yangu mwenyewe ndo alikuwa ananifundisha. Kilichonibeba usiku ule ni ng'onda. Muhula uliopita nilikuwa nimejifunza kutenga gharama, nauli yangu, chumvi, mzigo unaooza njiani, siku zangu mimi mwenyewe nilizokuwa sijilipi, nikagundua kwamba miaka minne niliyodhani napata faida kwa kuwa hela ipo mkobani nilikuwa nakula mtaji kidogo kidogo. Nilitaka kujua mwisho wake. Kwaio wivu hauna shida kama nauli ya kuondokea, ila uwe na kingine cha kukufikisha, na wewe unacho.

Sasa tuje kwa mama.

Hesabu yako ya kidaftari iko sawa, nimeirudia. Laki tatu ya mwezi wa nne ikarudi 1,312,500 mwezi wa kumi na moja, maana yake huyo mtu amepata juu yake 1,012,500, ukiigawa kwa ile laki tatu ni riba ya asilimia 337 na nusu kwa miezi saba. Hakuna benki Tanzania hii ingethubutu kuandika riba hiyo kwenye karatasi. Na kangomba hairuhusiwi, inapigwa vita kila msimu na kila mtu wa kusini anajua, na kila masika inarudi.

Lakini umeandika "kwa sababu mama hajui hesabu". Hapo mwanangu nakukatalia. Mama yako amekuwa anauza korosho toka wewe hujazaliwa. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulivyoanza huku kwetu msimu wa 2007/2008 yeye alikuwepo, ameona bei zikipanda na kuporomoka, ameshika malipo ya kwanza na ya pili, amesimama kwenye foleni ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, na gunia lake. Unadhani hajui bakuli la kangomba linazidi kilo? Hakuna mama wa Newala asiyejua, watoto wanajua. Alijua bakuli ni kubwa, alijua bei ya mwezi wa kumi na moja itakuwa juu hata kama hakujua kiasi gani, na akaenda. Alikuwa na laki tatu ya kutafuta ndani ya wiki na mtoto amerudishwa kutoka shule amekaa mlangoni, na ndani hakuna kitu, na mikorosho mwezi wa nne haina hata ua. Alipima vitu viwili akachagua wewe. Hiyo ni hesabu na ameipiga vizuri kuliko wewe na kidaftari chako, maana wewe umeandika upande mmoja tu, korosho zilizokwenda, upande wa pili mbona hujaandika? Ile form six uliyomaliza, zile C, D na E unazonitajia hapa kama kitu cha kawaida, vile vyeti ambavyo leo ndo vinamfanya mjomba aitishe kikao, hivyo ndo vilinunuliwa na zile bakuli mia tatu.

Nasema hivi sio kukufariji. Nasema kwa sababu inabadilisha kozi. Kama tatizo ni kutojua hesabu basi dawa ni uhasibu, usome uje umwandikie mama vitabu. Lakini mama hakukosa hesabu, alikosa laki tatu mwezi wa nne. Korosho inalipa mara moja, kuanzia mwezi wa kumi mpaka Januari hivi, na matumizi hayana msimu, ada inadaiwa, salfa inatakiwa kabla hata hujaona korosho, palizi inataka vibarua, mtu anaumwa. Pengo liko pale katikati na mtu wa kangomba anaishi kwenye lile pengo. Kwenye masomo ya biashara kuna somo la usimamizi wa fedha na ndani yake kuna mada ya thamani ya fedha kwa nyakati, yaani shilingi ya Aprili na shilingi ya Novemba sio shilingi moja, na wanakufundisha kupima tofauti yake. Wewe utakaa kwenye lile darasa wenzako wanakariri fomula na wewe utamuona mama yako. Ukiniuliza mimi, hiyo ndo sababu ya kusoma biashara, na kozi yake ipo karibu zaidi na ushirika na huduma ndogo za fedha kuliko uhasibu wa jumla. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi wanazo hizo kozi mbili, ya usimamizi wa ushirika na uhasibu na ile ya huduma ndogo za fedha. Huku kwetu Mtwara kuna kampasi ya Taasisi ya Uhasibu, kuna Stella Maris, na Chuo Kikuu Huria wana kituo hapa na Lindi pia. Kwaio vyuo vipo, we chagua ukijua unachokifuata.

Na usitegemee kwamba ukishasoma kangomba itaogopa mlango wenu. Digrii haitoi laki tatu mwezi wa nne. Kinachotoa ni akiba iliyowekwa Novemba, au kikundi cha kukopeshana chenye nidhamu, na hivyo unaweza kuanza msimu huu na mama na wanawake wa pale mtaani kabla hujakanyaga chuo chochote. Ukisubiri mpaka uhitimu ni masika tatu zitapita.

Ya pili, ya bosi na yule kijana. Mwanangu, kutaka mshahara wa 450,000 badala ya 180,000 sio dhambi na wala sio wivu, hiyo ni kuona vizuri. Na kutaka kuitwa jina la kazi unayoifanya, mimi hapo nakuunga mkono kwa mikono miwili, imeniuma ile ya "binti wa kaunta" kana kwamba ni mimi nilikuwa nimesimama pale. Ila hapa naomba uwe makini kwa vitu viwili. Kwanza jina la mhasibu lina ngazi zake, ukitaka kuwa mhasibu wa CPA, yaani aliyethibitishwa, ile inatolewa na NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, kwa mitihani yao ya Mei na Novemba, digrii peke yake haikupi. Na digrii ya biashara ya jumla, ile ya utawala wa biashara, na digrii ya uhasibu ni vitu viwili, usije ukamaliza miaka mitatu ndo unaambiwa. Pili, kama kiu yako ni mshahara na cheo tu, diploma inaweza kukufikisha kwa gharama ndogo, kwa cheti chako cha form six ni miaka miwili, unasoma hapahapa Mtwara, na ukipata GPA ya 3.0 kwenda juu mlango wa digrii unakuwa bado uko wazi. Bandika kwenye simu yako matangazo ya kazi kama kumi, ya vyama vikuu vya ushirika, ya halmashauri, ya makampuni, uangalie wanaomba nini hasa. Fanya hivyo wiki hii, usiulize watu.

Na ile siku utakayokuwa na cheti, usikirudishe kwa bosi huyohuyo ukitegemea akuone upya. Watu waliozoea kukuona umesimama kaunta watakuona umesimama kaunta. Nenda ambako watakujua kwa jina jipya.

Sasa hii ya tatu. Umeiandika mwisho na umeiandika fupi, na nimeona kabisa ndo nzito kuliko zote. Umeiita kukimbia nyumbani. Mimi sijaona mtu anayekimbia, nimeona mtu aliyekatwa katikati ya kusoma akiwa na miaka ishirini na hajawahi kupewa nafasi ya kumaliza. Toka hapo umekuwa ni mkono wa watu, unatuma, unapokea simu, unasimama. Mtoto wa kike kwetu akishaota mkono wa kusaidia hakuna anayeuliza kama kichwa nacho kina njaa. Kutaka miaka mitatu ya kichwa chako ni sababu halali, na mimi ningeiweka juu ya ile ya mshahara.

Na angalia inavyoamua. Ukienda Huria utasoma ukiwa kazini, utapata digrii halali kabisa, wengi nawaheshimu waliopitia huko, ila hii njaa itabaki palepale, simu zitaendelea na chumvi utatumwa. Diploma ya hapa mjini huku unalala Magomeni, hivyohivyo. Kama hii ya tatu ndo kweli yako basi ni chuo cha kukaa, mbali kidogo, hosteli. Hotuba ya mkekani isingekwambia hilo hata siku moja.

Ila hapo ndo hela inapoingia na hapa sikufichi. Mjomba amesema mwaka wa kwanza. "Huko mbele tutaona" ni sentensi iliyotoa wasichana wengi chuoni mwaka wa pili, wamebaki na deni na hawana cheti. Digrii nyingi za biashara ada yake inapita milioni kwa mwaka, bado kula na kulala. Kwa pointi zako unakidhi kile kiwango cha chini cha TCU, tume ya vyuo vikuu, ni pasi kuu mbili zenye jumla ya pointi nne na kwa hesabu yao, ambayo sio ile ya divisheni, wewe C na D peke yake ni tano, lakini kozi nyingine za biashara zinaangalia na hesabu ya form four kwaio itazame cheti chako. Mkopo wa bodi ya mikopo, soma mwongozo wa mwaka huu kwa makini kile kipengele cha umemaliza shule lini, 2018 ni mbali, usiupigie hesabu kabla hujasoma. Ukipata vizuri, ukija kuajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilishafutwa 2021 kwaio usitishwe na hadithi za zamani. Ningekuwa wewe ningeomba dirisha likifunguliwa, ningeomba ile ya ushirika au huduma ndogo za fedha, lakini nisingepanda basi mpaka nijue hela ya mwaka wa pili iko mikononi mwa nani kwa jina. Kama haipo kwa mtu, unaomba uahirishe mwaka mmoja, unabana ile 180,000 na unaongea na wajomba wale wengine wawili waliopiga makofi. Kwangu mimi kuchelewa mwaka mmoja kunavumilika, kuishia mwaka wa pili kunauma maisha yote.

Mjomba sasa. Umeuliza kama unastahili. Mzee kakuuliza swali la heshima, kakuuliza kwa sababu gani, hakukuuliza utaleta nini. Mpe jibu la swali lake. Kuhusu yule mwenye maduka manne pale stendi mjomba yuko sahihi na usibishane nae, biashara watu wanaifanya bila digrii na wenye digrii wapo wamekaa vijiweni. Akikushikilia sana mwambie kiwanda cha saruji kile cha hapa Mtwara mwenye nacho, Aliko Dangote, amesomea biashara chuo kikuu cha Al-Azhar kule Cairo, halafu akaanza kwa mkopo wa ndugu wa upande wa mama yake. Mjomba atakuelewa, maana nae anakaa kwenye kile kiti. Lakini usimpe kama ahadi kwamba na wewe utajenga kiwanda. Mwambie ya hosteli, mwambie ya kaunta, mwambie nilisema ya vijana na jamii kwa kuwa niliogopa haya yangu ni madogo. Mwambie mkiwa wawili, jioni, sio kwenye kikao.

Ya mama usimwambie. Ile sio yako kuitoa. Inawezekana kabisa wajomba hawajui kwamba zile korosho zilienda kwa bakuli, inawezekana ndo maana mama hakupiga makofi, alikuwa anasubiri useme au anaomba usiseme, na mimi na wewe hatujui ni kipi.

Kwaio Jumapili usianzie kwa mjomba. Fika Jumamosi. Mkute mama jikoni, kaa nae, mmenye muhogo, muulize mwezi wa nne 2017 ilikuwaje, umwache aseme kwa mpangilio wake hata akianzia mbali. Kidaftari chako kiwe mfukoni, na usikifungue mpaka amalize.

Shangazi yako